Siku saba kwenye gari la matangazo ya Tume huku Mtwara: sentensi moja ilivyotufukuzia watu

Kuchele_Kusini (mwanzisha uzi)

Wadau habari za jioni. Modi naomba usiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za nani kashinda nani kaibiwa, hapa naongelea kazi ya mdomo, maiki na spika basi.

Mimi ni mtu wa matangazo. Ukikaa Mtwara Mjini lazima umeshanisikia, nina kirikuu yangu (kale kagari kadogo ka mizigo), spika nne juu, jenereta nyuma, natangaza mechi pale uwanja wa Nangwanda, duka jipya la simu, mnada, ngoma, mpaka mbuzi aliyepotea nimeshamtangaza na akapatikana. Sasa Januari 2025 lile zoezi la kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilivyofika mikoa yetu ya Lindi na Mtwara, nikaitwa na halmashauri moja ya huku juu kwenye uwanda wa Wamakonde (sitaitaja, msinichimbe), wakanipa siku saba za kuzunguka vijijini. Siku saba ndo zile zile za uandikishaji, vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi vinafungwa saa 12 jioni, siku ya saba ikiisha mashine zinabebwa zinaenda kwingine.

Nikapewa karatasi ya kusoma. Aisee ile karatasi ilikuwa imeandikwa vizuri sana, kwa mtu aliyevaa tai. Inaanza na "Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi inapenda kuwatangazia wananchi wote wenye sifa", inashuka kwenye sifa, raia wa Tanzania, miaka 18, halafu kaulimbiu ya kujiandikisha kuwa mpiga kura ni msingi wa uchaguzi bora, halafu pale mwisho, na hii nataka muishike, "aidha, mwananchi anakumbushwa kuwa kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai", na adhabu yake imetajwa kabisa, faini laki moja mpaka laki tatu au jela miezi sita mpaka miaka miwili au vyote viwili. Nikaisoma kwa sauti yangu ile nzito ya mchezo wa fainali, yani pale kwenye jela nilikuwa naweka mwangwi.

Siku ya kwanza tunazunguka vijiji vinne, kila kituo ninachopita opereta wa BVR (ile mashine ya picha na alama za vidole) kakaa anapepea inzi, wakala wa chama kalala kwenye benchi. Nikasema labda mvua, maana si mnajua mwisho wa Januari huku ni mvua na palizi watu wako mabondeni. Siku ya pili hivyo hivyo. Ikabidi niteremke kwenye gari, kuna bibi anauza muhogo wa kuchoma pembeni ya mashine ya kusaga, nikamwambia shikamoo bibi, mbona watu hawaji kujiandikisha? Akanijibu hivi, na mpaka leo nayakumbuka neno kwa neno:

"Marahaba mjukuu wangu. Mie n'shaandikishwa mwezi wa kumi pale kwa mwenyekiti, jina langu limo. Sasa wewe unapita unanambia niende nikaandikishwe, halafu hapo hapo unanambia nikirudia nafungwa. Nishike lipi?"

Nilikaa kimya. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona.

Naendelea chini, nikale kwanza.

---

Mkoroshoni

Siti ya mbele kabisa. Tiririka mkuu.

---

mjukuu_wa_Newala

Hahaha mwangwi kwenye jela, kumbe ndo wewe uliyetutisha. Mama yangu alikataa kabisa kwenda akasema mimi nina watoto wa kulea siwezi kwenda Lilungu. (Wageni: Lilungu ndo liliko gereza, hapa Mtwara.)

---

Kuchele_Kusini

Nimerudi. Kwa ambao hamjaunganisha: Oktoba 2024, tarehe 11 mpaka 20, kulikuwa na uandikishaji wa uchaguzi wa serikali za mitaa, ule uliofanyika Novemba 27. Ule haukuwa wa Tume, ulikuwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Mtu anaandikwa kwenye orodha ya kitongoji au mtaa wake, kalamu na karatasi, hakuna picha hakuna alama za vidole hakuna kadi, unarudi nyumbani mikono mitupu. Na kumbukeni ilikuwa msimu, minada ya korosho ndo inaanza na bei imepanda imevuka elfu nne kwa kilo, watu wana furaha, wanajiandikisha wakitoka kupeleka mzigo AMCOS, chama chao cha ushirika.

Miezi mitatu baadae napita mimi na kirikuu. Nasema "kujiandikisha". Neno ni lile lile! Mwanakijiji hajui kama kuna TAMISEMI na kuna Tume, kwake yeye serikali ni moja, ilimwandika Oktoba na sasa inamtishia jela akijiandikisha tena. Kwahiyo yule bibi na wenzake, kubaki kwao nyumbani ndo kutii sheria vizuri kuliko wote. Halafu sisi tunakaa kwenye kikao cha jioni tunasema "wananchi wa huku hamasa yao ni ndogo, elimu bado". Elimu gani? Wao wamesikiliza kila neno, sisi ndo hatujasikiliza tulichokuwa tunasema.

Nikampigia bwana mmoja wa kata, afisa mwandikishaji msaidizi, nikamwambia mkuu hii sentensi ya mwisho inatuulia zoezi, naomba niiondoe au niifafanue. Akasema hapana, soma kama ilivyoandikwa. Nilimwona mkorofi ila baadae nikaja kumwelewa, maana tangazo la Tume sio tangazo la mbuzi. Gari la kijiji hiki likisema hivi na la kijiji kile likasema vile, kesho chama fulani kinaandika barua kwamba watu wake walipotoshwa, na aliyepewa dhamana ni yeye sio mimi. Na sentensi yenyewe ilikuwa kweli tupu, kosa lipo kwenye sheria ya uchaguzi ya 2024. Ila ukweli wenyewe umesemwa mahali ambapo unasikika kama kitu kingine.

---

OperetaMstaafu

Mkuu hapa umenigusa, nilikuwa opereta kipindi hicho upande wa Lindi, wilaya siitaji. Siku mbili za kwanza nilikuwa nacheza gemu kwenye simu mpaka chaji inaisha. Watu wa kuhesabu. Na wengi waliokuja sio niliowatarajia, wanakuja wazee wana kadi za 2015 safi kabisa wamezihifadhi kwenye nailoni wanataka "kubadilishiwa". Mzee kadi yako nzima, hujahama kata, jina sawa, huna haja ya kuja, iko hai. Anakasirika, kapanda bodaboda elfu tatu. Tangazo halikumwambia kuwa yeye anaweza kubaki nyumbani.

Kitu kingine ambacho hamna tangazo lililosema, vidole. Kina mama wanaobangua korosho kwa mkono, yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, ncha za vidole zimekuwa laini hazina mistari. Unaweka kidole kwenye skana, inakataa, unafuta, unaweka tena, inakataa. Mama anaanza kuona aibu watu wamejaa nyuma, anadhani kakataliwa yeye. Nilikuwa na kitambaa na maji, nafuta taratibu namwambia mama yangu mashine ndo mbovu sio wewe, tunajaribu kidole kingine. Mwenzangu wa kituo cha jirani yeye alikuwa anapaza sauti "vidole vyako havisomi!" Unadhani kesho wale wabanguaji wengine walikuja?

---

Mkoroshoni

@OperetaMstaafu hiyo ya vidole umeua. Bibi yangu mpaka simu ya kidole haimfungukii, tunamuwekea namba ya siri.

---

Bwana Pweza

Mkuu Kuchele mi nina swali la uchokozi. Mtu akikuuliza kuna haja gani ya kujiandikisha wakati anajua mwisho wake, ulikuwa unamjibu nini? Maana kubadilisha jina la Tume kutoka NEC kuwa INEC na kuweka neno Huru hakujabadilisha kitu kwa baadhi yetu.

---

Kuchele_Kusini

@Bwana Pweza niliulizwa sana, hasa na vijana wa bodaboda. Kwenye karatasi yangu halikuwemo jibu na mimi sikutunga. Nilikuwa naeleza kilichobadilika kwa sheria namba 2 ya 2024, jina na namna ya kuwapata wajumbe, basi, akisema haimtoshi namwambia sawa ndugu yangu hilo ni lako na vyama vyako, mimi nakueleza kituo kiko wapi na kinafungwa saa ngapi. Spika haiwezi kumfanya mtu aamini. Niliwahi kuona mwenzangu mmoja anabishana na kijiwe kizima kuhusu uhuru wa Tume, nusu saa nzima, gari limesimama, jenereta linakula mafuta, na hakuandikisha mtu hata mmoja pale.

By the way hilo jina nalo lina kisa chake. Kijiji kimoja nikasema "INEC imefika", mzee akaniuliza hao INEC ni mradi wa maji au wa vyoo? Hana makosa, herufi kama hizo huku huwa zinakuja na gari nyeupe na semina. Nikarudi kusema "Tume", kila mtu akaelewa.

---

Mwl_Mstaafu_Masasi

Vijana nawasalimu. Naomba nichangie kidogo kwa sababu nimesimamia vituo tangu 1995.

Kijana wetu ameeleza vizuri ila kuna mzizi wa chini zaidi. Uchaguzi wa 1995 na wa 2000 tulikuwa tunaandikisha upya kila mara, uchaguzi ukiisha lile daftari kazi yake imekwisha. Daftari la Kudumu limeanza 2004 kwa ajili ya uchaguzi wa 2005. Kisha 2015 likaja la alama za vidole, BVR, ambalo lilianzia Makambako mwezi Februari, watu wote tukaandikwa upya tena. Sasa mzee wa miaka sabini ameandikwa upya 1995, 2000, 2004, 2015. Ukimwambia "kudumu" anakuangalia tu. Na neno "kuboresha" ndiyo kabisa, mkulima anaboresha mbegu, anaboresha zizi, daftari linaboreshwaje? Darasani ningelikuwa mimi ningesema: kuna watu wa aina tatu wanaotakiwa kuja, ambaye hajawahi kuwa na kadi ya Tume, ambaye kadi imepotea au imeharibika, na ambaye amehama au taarifa zake zimekosewa. Wengine kaeni nyumbani mpalilie.

---

Kuchele_Kusini

Shikamoo mwalimu. Unajua ndo tulichofika hapo hapo, ila kwa kuzunguka.

Siku ya pili usiku yule bwana wa kata kumbe hakulala, kapiga simu kwa afisa mwandikishaji wa jimbo, naye kapiga juu, asubuhi ya siku ya tatu naletewa karatasi mpya imeandikwa kwa mkono na imegongwa muhuri. Naiweka hapa kama nilivyokuwa naisoma:

"Mwezi wa kumi uliandikwa kwa mwenyekiti. Lile lilikuwa la serikali ya mtaa, halikuwa na kadi. Hili la sasa ni la Tume, unapigwa picha, unaweka vidole, unaondoka na kadi yako mkononi. Kama huna kadi ya Tume, njoo, hujarudia na hufungwi. Kama unayo na ni nzima na hujahama, kaa na kazi zako. Kijana utakayetimiza miaka 18 kufikia siku ya uchaguzi, na wewe njoo."

Ile ya jela iliwekwa mbali kabisa, tunaitaja kwenye mikutano ambapo mtu anaweza kuuliza.

Hiyo ya vijana nayo ilikuwa tatizo. Karatasi ya kwanza ilisema miaka 18 tu, kuna mzee alimrudisha binti yake njiani anamwambia wewe una 17 unataka kunipeleka jela. Kumbe binti angefikisha kabla ya Oktoba.

Na tukabadilisha saa. Mwanzo nilikuwa natoka saa 3 asubuhi baada ya chai, wakati huo kijiji kina kuku na wagonjwa tu. Tukaanza kupita saa 11 alfajiri watu hawajaingia mashambani, halafu jioni bombani. Huku juu maji ni shida mnajua, foleni ya ndoo bombani ni mkutano wa hadhara ambao haujaombewa kibali, kina mama wamekaa pale masaa mawili hawana pa kwenda. Nilikuwa nazima jenereta, nashuka, naongea kwa mdomo tu. Swali moja bombani lilikuwa linanipa kazi kuliko kilomita ishirini za spika. Ijumaa msikitini na Jumapili kanisani tulipewa dakika mbili mbili, na kwenye siku saba Ijumaa ni moja na Jumapili ni moja, ukiikosa umeikosa. Pale nilimwachia imamu na katekista waseme wenyewe, mimi sauti yangu watu wanaijua kwa mbuzi.

---

DadaWaMikindani

Kaka pole na kazi. Mi naomba niulize, haya matangazo yote ni ya masikio. Mdogo wangu ni kiziwi, zoezi limepita mlangoni kwetu siku saba yeye hajui, sisi tulikuwa kwenye msiba Lindi, tumerudi mashine zimeshaondoka.

---

Kuchele_Kusini

@DadaWaMikindani pole dada yangu, hapo sina utetezi. Kituoni mambo yapo, mwenye ulemavu, mzee, mjamzito na anayenyonyesha hapangi foleni, na siku ya kura asiyeona kuna lile jalada la nukta nundu anapiga mwenyewe akitaka. Ila ya kumfikishia kiziwi habari kwamba kituo kipo, kwenye gari langu haikuwepo. Mabango yalibandikwa ofisi ya kata, na nani anaenda ofisi ya kata kama hajaitwa? Mdogo wako kulikuwa na awamu ya pili Mei 2025, sijui kama aliiwahi.

---

DadaWaMikindani

Hiyo aliiwahi, jirani alimwandikia kwenye karatasi.

---

mjukuu_wa_Newala

Mi nadhani mngetumia zaidi mitandao, kulikuwa na ule mfumo wa mtandaoni unaanzisha taarifa zako kwenye simu halafu unaenda kumalizia kituoni. Mimi niliutumia nilivyohama.

---

OperetaMstaafu

@mjukuu_wa_Newala siku zangu zote saba sikupata hata mtu mmoja aliyeanzia mtandaoni. Kituo changu ili upate mtandao unapanda kwenye kichuguu nyuma ya shule.

---

Bwana Pweza

Hapo hapo kwenye mitandao. Mbona hugusi Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu? Mlituambia tujiunge na magrupu ya taarifa, siku yenyewe intaneti ikazimwa nchi nzima, siku kadhaa. Hayo ni mawasiliano gani kwa umma?

---

Kuchele_Kusini

@Bwana Pweza nilisema uzi ni wa daftari lakini sitakukwepa. Ni kweli. Grupu letu la kata lilikuwa na watu wengi, wenyeviti, mabalozi, vijana, lilikuwa linafanya kazi nzuri, mtu anauliza kadi yangu imepotea nifanyeje, anajibiwa hapo hapo kwamba kama jina limo kwenye daftari anaweza kwenda na kitambulisho cha taifa au leseni ya udereva au pasi ya kusafiria. Mchana wa Jumatano ile, kura bado zinapigwa, kimya. Mwenye swali la kituo kipi hana pa kuuliza, na matokeo tukayafuatilia redioni kama zamani za babu zetu. Na uvumi haukuzimika, ulitembea kwa miguu, na mara hii hakuna wa kuukanusha. Yaliyotokea mikoa mingine, watu waliokufa, hilo ni zito kuliko mada yangu, sitaki kuligeuza mfano wa somo langu la maiki. Ila kwenye fani yangu, ukishamzoesha mtu mlango mmoja halafu ukaufunga siku anayouhitaji, ukija tena na kirikuu atakuangalia hivi hivi.

---

Mkoroshoni

Umejibu kiume. Ila mkuu, mvulana wa 2030 atakuta yale yale, si uchaguzi wa mitaa utatangulia tena 2029? Neno litakuwa "kujiandikisha" tena pande zote mbili.

---

Kuchele_Kusini

@Mkoroshoni ndo sababu nimeandika uzi. Mimi ningependa la mwenyekiti liitwe "orodha ya mtaa" na la Tume liitwe "daftari la kadi", kwenye kila tangazo, redio zetu hizi za Mtwara na Lindi, mabango, kila mahali, kuanzia siku ya kwanza. Watu wenyewe walishaanza kuliita hivyo bombani, "umeshachukua lile la kadi?", sisi ndo tulikuwa tunawasahihisha.

---

Mwl_Mstaafu_Masasi

"Daftari la kadi." Nimeipenda. Lugha ya ofisini itakataa lakini nimeipenda.

---

mjukuu_wa_Newala

Mkuu hujamalizia, yule bibi wa muhogo aliishia wapi?

---

Kuchele_Kusini

Alikuja siku ya nne, asubuhi, kajifunga kanga mpya. Nilikuwepo maana tulipaki pale gari linachemsha. Dole gumba lilikataa kama alivyosema Opereta, likaja kukubali baada ya kufutwa mara tatu. Picha akaikataa, anasema huyu sio mimi huyu ni marehemu dada yangu, ikabidi apigwe nyingine. Kadi ikatoka, akaigeuza geuza, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na risiti yake ya AMCOS. Ameshaondoka hatua kama kumi hivi akarudi, akaniita pembeni:

"Mjukuu wangu, na lile la mwezi wa kumi, wamelifuta?"

Nikamwambia halijafutwa bibi, lile ni lingine.

Akatikisa kichwa. "Mna madaftari mengi nyie." Akaenda zake kwenye muhogo.